Kizibo cha Karatasi ya Maziwa

Walioshuhudia aibu yangu ni wanne, na nawataja kwa sababu bado nina kesi nao: Nekesa, mdogo wangu; Shangazi Selina, aliyetoka Bungoma kupanga harusi ya Nekesa; Mama Akinyi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hapa Kaloleni; na Fundi Musyoka, anayepaka magari rangi kwenye banda nyuma ya nyumba zetu.

Mimi hutengeneza vishikio vya funguo kwa resini, ile gundi ya majimaji inayoganda na kuwa kama kioo. Nekesa aliniomba nimgandishie kifungo cha sare ya kanisa ya marehemu mama akivae shingoni siku ya harusi. Vifungo vya sare hiyo vilibaki viwili tu. Na resini ina ubaya wake: usipoigandisha ndani ya hewa iliyobanwa, inajaa mapovu.

Fundi akanipa mtungi wake wa zamani wa kupulizia rangi, bure. Bure! Tangu mama afariki nikaacha shule kidato cha pili niwalee wadogo zangu, kila aliyebisha hodi na sukari mkononi aliishia kuulizia nyumba hii ya kaunti iko kwa jina la nani. Kwa hiyo nilishukuru kwa mdomo, moyoni nikajiuliza: huyu naye anatafuta nini?

Nikang'oa bomba la kunyonyea rangi, likabaki tundu kwenye mfuniko. Kizibo nilikuwa nacho, ila kilihitaji ile tepu nyeupe ya mafundi wa maji ya kuzuia uvujaji. Fundi alikuwa nayo, lakini niliona fadhila ya pili itakuwa kamba shingoni, nikazungushia kipande cha karatasi ya maziwa, ile pakiti ya plastiki (msinicheke bado), nikakaza, nikamwaga resini juu ya kifungo cha kwanza, nikakifungia mtungini. Fundi akaujaza mtungi hewa kwa kompresa yake, ukalala bandani kwake, na ufunguo wa banda akalala nao yeye.

Jumamosi asubuhi nikawaita wote waje kuona. Geji ya hewa ilisoma sifuri. Kifungo cha mama kilikuwa kimezama kwenye mapovu kama soda.

"Fundi," nikasema, na sauti ilifika hadi kwenye kamba za nguo, "uliufungua usiku. Sema tu unachotaka kwetu. Ni nyumba?"

"Nafula!" Shangazi akashika kifua.

Fundi alimgeukia Mama Akinyi, aliyekuwa amekuja na beseni lake la kufulia. "Mama, nigawie povu."

Akaujaza mtungi upya, akapaka povu kwenye koki, halikusogea. Kwenye ukingo wa mfuniko, vilevile. Kwenye kizibo changu, mapovu yakaumuka kama mandazi.

"Haiya!" akasema Mama Akinyi. "Mwizi ndiye huyo, anapumua!"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angepiga magoti. Mimi nikasema, "Labda umekilegeza wewe."

Fundi akatoa hewa yote, akafungua kizibo polepole, akaivuta ile karatasi mbele ya watu wote, picha ya ng'ombe ikiwa bado inaonekana nusu.

"Na huyu ng'ombe pia nimemleta mimi?"

Walicheka, hata Nekesa. Nikakimbilia ndani nikisema nimeacha maharagwe jikoni (hatukuwa na maharagwe), nikajifungia hadi Shangazi akaenda kupanda basi bila kuniaga.

Jumatatu nilikuta tepu nyeupe dirishani. Nikaizungushia kizibo, na kifungo cha pili kilitoka safi kama maji kwenye glasi. Nikaenda bandani kuomba msamaha.

"Aa-a, Nafula," Fundi akasema, akiendelea kusugua mlango wa gari. "Samahani ya pembeni hailipi tusi la uwanjani. Uliniita mwizi mbele ya watu watatu. Utanisafisha mbele ya hao hao watatu, siku watakayokuwa pamoja."

Nimeapa kutompima mtu tena kwa makosa ya wengine, na kile kifungo chenye mapovu nimekining'iniza kwenye ufunguo wa nyumba nisisahau. Nilitegemea Shangazi angekuja harusini, wote watatu wawe pamoja. Juzi akapiga simu: hatakuja, goti linamsumbua, tumtumie picha.

Nilimpelekea Fundi habari hiyo. Akapuliza vumbi kwenye mlango wa gari, akautazama kwa makini.

"Basi," akasema, "tuliombee goti."