Matanga ya Notburga Uwanjani pa Sanamu

Hata shetani angeona haya. Jumamosi ile Notburga alifika na beseni lake la maji kwenye uwanja wa sanamu pale Maguu, akakuta magunia ya kahawa yaliyolowa maji yameanikwa juu ya mwili wa Yesu.

Uwanja ule haukuwa na ukuta wala paa. Padre mmoja wa Kiitaliano, aliyekwisha kurudi kwao, aliwafundisha mafundi wa kijiji kuunda kwa saruji nakala za sanamu zilizochongwa Italia karibu miaka mia tano nyuma, kisha akazipanga kando ya barabara ili kila mpita njia azitazame. Kijana mwenye kombeo alisimama uchi mpaka wazee wa kanisa walipompaka kaptula ya bluu. Lakini Notburga alikuja kwa ajili ya Maria aliyempakata mwanawe mfu. Kila Jumamosi alimwosha yule mwana, kichwani mpaka nyayoni.

Mwanawe mwenyewe, Kilian, alishuka Lipingo, kando ya ziwa, kujifunza uvuvi. Ziwa likachafuka, mtumbwi ukarudi bila yeye, na maiti haikuonekana. Notburga alikataa katakata kuweka matanga. "Namlilia nani? Nyie mmemwona?" aliwafokea ndugu. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumpa pole.

Sasa serikali iliruhusu wanunuzi binafsi wa kahawa, na Praygod, mtu wa kuja mwenye lori, akapewa uwanja ule na wakubwa wa kijiji bila kuulizwa mtu. Mizani kaitundika kwenye mkono wa Maria! Soko huria, walisema. Huria gani hiyo isiyojua pa kukomea?

"Toa vitu vyako juu ya Mama," Notburga alimwambia.

"Shikamoo, mama. Hiyo ni saruji tu. Haijazaa, haina uchungu."

Notburga alitua beseni, akayavuta magunia chini moja moja. Akajifunga khanga kiunoni, akaketi mavumbini na kunyoosha miguu, kama wanavyokaa wafiwa. Kisha akapiga yowe.

Foleni ya wakulima waliokuja kuuza ikakwama. Nani atapima kahawa mbele ya mfiwa? Mdogo wake Mektilda alikuwa wa kwanza kutua mzigo na kuketi kando yake. Wanawake wengine wakafuata. Wanaume wakavua kofia, wengine wakaenda kutafuta kuni za msiba.

Praygod alihangaika huku na huku, kalamu sikioni, hakuna aliyemjali. Mwisho akaishusha mizani mwenyewe, akaja kuchuchumaa mbele ya Notburga.

"Mama, nani amefariki?"

Notburga aliutazama ule mwili wa saruji, bado unachuruzika maji ya magunia.

"Mwanangu Kilian," akasema. "Amefia ziwani."

Mektilda alimshika bega. "Pole, dada," akasema, na safari hii Notburga hakumfokea.