Aliyekaa Mlangoni Kwetu

Mchana ule nyumbani Kitahana tulikuwepo mimi, wadogo zangu Neema na Elia, na Mama Zabroni, aliyekuwa amemzika mwanawe siku mbili kabla. Aliyemuua ni mdogo wangu Bahati, anayenifuata kuzaliwa, mwenye miaka kumi na minne; alikuwa ameshikiliwa polisi. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule niwalee wadogo zangu.

Mama Zabroni alikaa kwenye kizingiti bila kusalimia. Nilidhani ametuzibia mlango tusitoroke. Maharage yalitokota, moshi ukatuwasha macho, nasi hatukuthubutu hata kukohoa. Kisha wakaja shemeji zake wakinuka petroli, dumu mkononi.

“Shemeji, sogea hapo.”

“Aliyeua yuko polisi. Humu kuna watoto wanasubiri maharage.”

“Na damu ya Zabroni?”

“Nilimzaa mimi. Rudini.”

Waligeuka, wakarudi walikotoka. Yeye aliondoka jioni, hata maji hakuomba.

Juzi nikipita Makere niliwaona watu wakienda na dumu la petroli kwenye nyumba ya kijana mwingine aliyeua. Ndani mtoto alikuwa akilia. Nilishuka kwenye baiskeli, nikasimama, kisha nikapanda tena, nikaenda zangu. Mlangoni kwao hapakuwa na mtu aliyekaa. Deni la Mama Zabroni bado sijalilipa.