Jina Chini ya Selotepu

Emily Ratemo, karani wa kanisa la Wasabato huko nje ya Magwagwa, alikuwa na adui mmoja maishani: karatasi iliyochanika. Akiiona tu, mkono uko kwenye selotepu. Ndivyo alivyolitibu daftari la zamani la ubatizo, miaka thelathini iliyopita, akaridhika kabisa na kazi yake. Msimcheke. Nani alikuwa amemfundisha?

Sasa selotepu ile ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, na maandishi chini yake hayasomeki. Halafu akaja Nyanya Bitutu na haja yake. Mjukuu wake alikuwa amejifungua msichana, na zamu ya jina ilikuwa ya marehemu mama yake Bitutu. Shida ni kwamba jina lenyewe halikujulikana. Mama huyo alifariki Bitutu akiwa na miaka mitatu, na kijiji kizima kilimwita Ng'ina Joash tu, yaani mama yake Joash, jinsi wake za watu wanavyoitwa kwetu. Waliojua jina lake la usichana wote wamezikwa. Lilibaki limeandikwa mahali pamoja tu, na Emily ndiye aliyelifunika.

Alijisikia vibaya, wacha tu. Alilifunga daftari kwa leso, akalipakata hadi Kisii mjini kwa Oyoo, fundi wa vitabu, mtu wa kule ziwani, akakiri kosa kabla hajaulizwa.

"Mama, tulia," Oyoo alisema. "Maji hatutumii, wino utakimbia."

Akapasha moto kisu chembamba, akakipitisha chini ya selotepu taratibu, kidogo kidogo, na Emily hakuthubutu hata kukohoa. Kazi ilichukua siku tatu. Mwishowe Oyoo aliuziba ufa kwa karatasi nyepesi na gundi ya wanga, akaulaza ukurasa chini ya vibao vya mawe ya sabuni ya Tabaka, yale mawe laini ya kuchongea vinyago, ili unyooke. Kisha akamwambia jambo ambalo Emily anamshukuru Mungu kwalo mpaka leo: kipande chenye jina kilikuwa kimekatika kabisa. Bila selotepu yake, kingekuwa kimefagiliwa zamani.

Sabato iliyofuata daftari lilifunuliwa ndani ya sanduku la kioo, mbali na dirisha, jua lisilifikie. Bitutu hajui kusoma. Aliinama juu ya kioo, kitukuu chake mikononi.

"Nisomee."

"Nyakerario," Emily akasoma.

"Tena."

Akasoma tena. Bitutu alimshika mkono, akamwambia asante, na asante, mpaka Emily akaona haya. Kisha bibi akamgeukia mtoto. Kwetu anayerithi jina huitwa vile mwenye jina alivyoitwa.

"Mama," Bitutu alimwita.

Ilikuwa miaka themanini na mmoja hajamwita mtu hivyo.