Ndafu wa Magazeti Kwenye Sendofu ya Glory

Mpaka leo nikikatiza Kijenge kuna mama mmoja muuza ndizi ambaye hanisalimii kama watu wengine wanavyosalimiana, yeye akiniona tu anapaza sauti, "Witi, mbuzi wako kashaiva?" Nami nacheka, napita, maana nitamjibu nini? Ukumbi mzima uliona, na nusu ya ukumbi simu zao zilikuwa juu zinarekodi. Kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe, kuliko mkasikie kwa wanaotia chumvi, ingawa hii habari sijui hata chumvi utaitia wapi.

Mimi kazi yangu ni magazeti. Siuzi wala siandiki, nayaloweka. Nina kibanda Levolosi, naloweka magazeti ya zamani, mengine nayaponda, mengine nayachana vipande, nachanganya na uji wa unga wa ngano, halafu najenga juu ya fremu ya waya: twiga, pundamilia, vinyago vya ukutani, vivuli vya taa. Watalii wananunua sana twiga. Ndugu zangu hawajawahi kununua hata sikio la twiga, na mama yangu akiulizwa kanisani binti yake mkubwa anafanya kazi gani alikuwa anajibu, "Yupo mjini, anajishughulisha." (Kujishughulisha! Kama mtu anayefukuza kuku shambani.) Hilo neno lilikuwa linaniuma, nisiwadanganye, na ndilo lililonifikisha hapa.

Sasa mdogo wangu Glory akapata mchumba, Frenki, kijana wa Marangu, mpole, hana neno. Tatizo halikuwa Frenki, lilikuwa shangazi yake, Shangazi Aikande, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Siku walipokuja kuposa, sisi tuliwaacha wamesimama getini juani, kwa sababu Mjomba Aminieli, mwenye ufunguo na mwenye shughuli, alikuwa amenogewa na mnada wa mavuno kanisani, anapandishiana bei ya jogoo na mzee mwenzake. Alipokuja, chai ikawa imepoa. Shangazi Aikande akainywa hivyo hivyo, akarudi Marangu, akamwambia Frenki, "Hao watu hawana heshima. Wakitudharau mara ya pili, mimi kwenye hiyo ndoa usinihesabu." Na Frenki akamwambia Glory wazi kwamba bila shangazi hawezi kwenda kanisani, huyo ndiye mama yake. Glory alilia mpaka macho yakavimba. Kwa hiyo sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, ilipofika, kila mtu nyumbani alijua kwamba tunafanya sherehe kwa ajili ya mtu mmoja tu, na huyo mtu ana kinyongo.

Basi mimi, badala ya kutulia, nikapata wazo.

Kwa asiyejua ndafu (na kama hujui, hujawahi kualikwa huku kwetu), ni mbuzi mzima anayechomwa akabaki na umbo lake, na pembe zake, anasimamishwa kwenye sinia kubwa na majani mdomoni, anaingizwa ukumbini kwa nyimbo, bibi harusi anakata kipande cha kwanza na kuwalisha wakwe. Keki ni mbwembwe tu. Heshima yenyewe iko kwa ndafu. Nikajisemea, ngoja nitengeneze ndafu wa magazeti, nimweke mlangoni, wageni wakiingia wapige naye selfi, wote waone Witness anafanya kazi gani. Nikamwambia mama. Akaniangalia.

"Usituletee vikaragosi vyako mbele ya wakwe."

"Mama, atakaa mlangoni tu. Hatasogea."

Nikafanya kazi, jamani, sijawahi kufanya kazi kama ile. Pembe niliomba kwa muuza supu, za mbuzi kweli kabisa. Miguu ilipokuwa inayumba nikamjaza tumboni mawe ya mto Themi ili asianguke akiguswa. Ngozi nikaipaka dawa ya viatu ya kahawia, nikaichomachoma kidogo na kijiko cha moto ionekane imeungua pale inapopaswa kuungua. Majani ya mdomoni nikaenda kukata masale kwenye uzio wa nyumbani kwetu Akeri, yale marefu ya kijani yanayong'aa. Mama akanikuta na kisu, akasema, "Hayo majani siyo ya kuchezea, Witness." Nikadhani anaogopea uzio wake, nikakata moja tu.

Siku yenyewe namtazama pale mlangoni naona kapooza, anang'aa kama kiatu badala ya kung'aa kama nyama. Nikazunguka nyuma ya ukumbi, mpishi alikuwa anamgeuza ndafu wa kweli kwenye moto, mafuta yanadondoka kwenye bakuli. Nikachovya brashi. Nikarudi nikampaka wangu mwili mzima, na harufu ikaja yenyewe, mpaka mbwa wa mlinzi akasogea. Nikafurahi! (Mimi huyu, mtu mzima, nikafurahi.) Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nikaingia kukaa meza ya mbele na Glory, kwa sababu nilikuwa mpambe wake, na mpambe hainuki ovyo. Shangazi Aikande alikuwa upande wa pili, kitambaa kichwani, mkoba juu ya magoti, hajatabasamu tangu ashuke kwenye gari. Ratiba ilikuwa imeshachelewa, na akamnong'oneza Frenki kwamba Marangu ni mbali na wao wataondoka mapema. Mjomba Aminieli akasikia. Mjomba ndiye mwenyekiti wa kamati, na tangu ile siku ya getini alikuwa anatafuta namna ya kujisafisha, basi akaruka kwa MC akamwambia, "Ingiza ndafu sasa hivi, wakwe wasiondoke bila heshima yao," kisha akatoka mbio kwenda kumleta mwenyewe.

Ndafu wa kweli alikuwa bado yupo motoni. Ila mlangoni, ndugu zangu, mlangoni kulikuwa na ndafu kasimama kwenye sinia, ananukia, anang'aa, jani mdomoni. Mjomba hakujiuliza mara mbili, akamshika mbele, baba mdogo akamshika nyuma, na uzito ulikuwepo wa kutosha (mawe yangu hayo), wakamwinua.

Muziki ukapigwa. Nikageuka kuangalia mlangoni kwa furaha kama wengine, na nikamwona mbuzi wangu anaingia.

Sijui niwaelezeje. Mjomba anacheza, anarudi nyuma hatua, anakuja mbele, anamtikisa, na mimi nasikia mawe yanagongana tumboni lakini wengine wanadhani ni manyanga. Nikasimama nikaanza kupunga mikono yote miwili, nikiipishanisha juu ya kichwa, hapana, hapana, rudisheni! MC, chalii mmoja wa Ngarenaro mwenye suti inayometameta, akaniona akapiga kelele kwenye kipaza sauti, "Mnamwona dada mtu? Furaha imempanda! Akina mama, mfuateni!" Na akina mama wakanifuata. Meza nzima ya shangazi zangu wakasimama wakaanza kupishanisha mikono juu ya vichwa, na vigelegele, na nilivyozidi kukataza ndivyo walivyozidi kucheza. Hiyo ndiyo sehemu ya video inayopendwa sana.

Nikamwinamia Glory sikioni. "Usikate."

"Nini?"

"Usimkate. Ni wangu."

Akanitazama na macho yaliyojaa wanja. "Dada, yaani leo hata mbuzi unataka kugombania?"

Kisu kikawa kishafika mkononi mwake. Frenki akamshika mkono wakate pamoja, MC akahesabu moja, mbili, tatu, na badala ya kisu kuzama laini kukatoka sauti ya mtu anayevunja mlango wa kabati. Ubavu mzima ukabanduka. Jiwe likadondoka, likabiringika taratibu mpaka kwenye kiatu cha Shangazi Aikande, likatulia hapo.

Na bado hatukukoma. MC alikuwa ameshasema, "Shangazi, fungua mdomo, aaa!" naye kwa heshima ya shughuli alikuwa ameshafumba macho na kufungua mdomo, na Glory kwa kuchanganyikiwa (ananiapia mpaka leo hajui mkono wake ulikuwa unafanya nini) akachoma kilichoning'inia kwenye ule ubavu, akampelekea. Shangazi akatafuna. Akatafuna tena. Akafumbua macho, akakitoa kwa vidole viwili, akakikunjua, akafungua mkoba, akavaa miwani, na kwa kuwa MC alikuwa amemwekea kipaza sauti mdomoni akisubiri pongezi, ukumbi mzima ukamsikia akisoma polepole:

"Kiwanja kinauzwa. Hakina mgogoro."

Muziki ukazimwa. Mama alijifunika uso na kitenge. Mjomba Aminieli peke yake ndiye aliyeendelea kucheza kidogo, kwa sababu alikuwa ametugeuzia mgongo. Nikamwona Glory mdomo unatetemeka, na nikajua kama hii ndoa imekufa basi nimeiua mimi, kwa brashi, na kwa kutaka sifa. Nililia pale pale, sikuona aibu ya kulia, nilikuwa na aibu nyingine kubwa zaidi.

Nikatoka mezani, nikampigia magoti Shangazi. Maneno yote yalinikimbia, likabaki moja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," akajibu, maana mtu akishaamkiwa atafanyaje.

"Ni kosa langu. Huyu siyo wa kula, wa kula yupo nje bado anachomwa. Huyu nilimtengeneza mimi, wa kupigia picha. Mjomba hakujua. Glory hakujua. Hakuna aliyekudharau, ni mimi tu na ujinga wangu."

Shangazi akanyanyuka, akamsogelea yule mbuzi, akamshika pembe, akampapasa shingo, akanusa vidole vyake.

"Umemtengeneza wewe? Kwa mikono?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Hata haya mafuta?"

"Mafuta ni ya yule wa kweli."

Nikasikia watu wanaguna. Yeye akaendelea, akafika mdomoni, akachomoa lile jani la sale, akaligeuzageuza kwenye mwanga.

"Na hili, uliliweka la nini?"

"La urembo, Shangazi."

"La urembo!" Sasa akawageukia watu wake wa Marangu, na sauti ilikuwa ya mtu anayelalamika. "Mnaona nilivyotegwa? Kwetu mtu akikukosea akakuletea sale, huna ruhusa ya kukataa. Hata awe amekukosea nini. Watu hawa wameniletea kosa na msamaha kwenye sinia moja, na mimi nimeshalishika, nitafanyaje?" Akalitia lile jani kwenye mkoba wake, akaufunga. "Nimewasamehe na ile chai. Sasa mniletee mbuzi mwenye nyama, nina njaa."

Jamani. Mmewahi kuvaa viatu vinavyobana kutwa nzima halafu mkavivua mlangoni? Ndivyo nilivyosikia, mwili mzima. Glory akamrukia shangazi mkwe wake shingoni, wanja wote ukahamia kwenye kitambaa cha watu. Mama alikuja kunishika mkono akaniinua, na sikioni akaninong'oneza, "Si nilikwambia siyo ya kuchezea?" ila alikuwa anacheka na machozi pamoja.

Ndafu wa kweli aliingia baadaye, mpishi kanuna anauliza nani kamtangulia. Shangazi Aikande, kabla hajafungua mdomo, alinyoosha mkono akamgonga huyo mbuzi mpya ubavuni kwa kidole, ko ko, kama mtu anayebisha hodi, akasikiliza, ndipo akakubali kulishwa. Ukumbi ulivunjika mbavu. Hawakuondoka mapema tena, walikuwa wa mwisho kutoka.

Harusi ilifungwa, na shangazi alikaa kiti cha mama. Yule mbuzi wangu aliondoka naye siku ile ile, kafungwa kamba juu ya gari, na sasa amesimama sebuleni kwake Marangu pembeni ya televisheni. Nilijitolea kwenda kumziba lile tundu la ubavuni, akanikatalia, anasema wageni watasoma nini. Na Glory na Frenki wakinuniana, kama watu wa ndani ya nyumba wanavyonuniana, shangazi huwa anapiga simu anauliza swali moja tu, "Vipi, kiwanja kina mgogoro?" na inabidi wacheke.

Mimi nimeapa. Twiga nitaendelea kutengeneza, pundamilia nitatengeneza, hata ndafu wa magazeti nimeshatengeneza wengine, maana baada ya ile video waliagiza watu ambao siwajui. Lakini kila mmoja namwandikia tumboni kwa herufi kubwa SIYO WA KULA, na mafuta ya nyama sitapaka tena kitu kisicholiwa mpaka naingia kaburini.

Juzi nilikuwa kanisani Akeri na mama, mgeni mmoja akamuuliza tena lile swali, huyu binti yako mkubwa anafanya kazi gani. Nikainama kusubiri kujishughulisha kwangu. Mama akanyoosha kitenge chake.

"Huyu ni fundi," akasema. "Na kama huamini, nenda Marangu kamuulize aliyetafuna."