Visiki Kumi na Tisa

Chemchemi yetu ya Kabuchai haikuwahi kuwa na mwenyewe. Kila boma lina zamu yake ya kuteka, hakuna anayelipa, na mwisho wa mwezi tunaenda wote kuzibua mfereji. Sheria kali ni moja tu: hakuna kupanda mikaratusi, miti inayofyonza maji, karibu na jicho la chemchemi.

Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, aliipanda papo hapo juu ya chemchemi. Alitaka kuuza nguzo. Mama alipomkanya, alimjibu, "Shemeji, wewe uliolewa tu hapa."

Miti ilikua, maji yakapungua yakawa uzi. Wakati huo nilikuwa nafundisha Kitale. Nikapigiwa simu kwamba mama, aliyekuwa ameanza kuteka mtoni, ameteleza na mtungi mgongoni akavunjika nyonga.

Nilimuuguza hadi aliposimama kwa mkongojo. Kisha nikaomba uhamisho nirudi nyumbani. Watu walinisifu kuwa binti mwema. Ukweli ni kwamba nilirudi kwa ajili ya baba mdogo.

Nilichaguliwa mwandishi wa kamati ya maji. Kwenye mkutano wa kwanza nilisimama nikasoma sheria: anayeharibu chemchemi haweki mtungi wake pale mpaka atengeneze alichoharibu.

"Ati sheria?" baba mdogo akacheka. "Shamba ni yangu, miti ni yangu, bana."

"Na maji ni yetu," nikamwambia. Nikafuta boma lake kwenye zamu mbele ya macho yake.

Kiangazi kilipokolea, alimtuma mkewe, mama mdogo, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Alisimama na mtungi mtupu, hakunisihi sana. "Mwanangu, hata wa kupikia tu?"

Nilimwambia arudi nyumbani. Nilijua analipia kosa lisilo lake, na bado nikamwambia arudi. Hilo linaniuma mpaka leo. Mengine yote hayaniumi.

Wiki ya pili baba mdogo alikuja na shoka. Vijana wakataka kumsaidia, nikawakataza. Nikaleta kigoda, nikakaa kivulini siku baada ya siku nikamtazama akikata, halafu aking'oa visiki kumi na tisa, jasho likimtiririka mpaka kwenye magoti.

"Umefurahi sasa?" akaniuliza akihema.

"Bado viwili."

Maji hayakurudi siku hiyo. Yalirudi taratibu, baada ya mvua za misimu miwili, na tukapanda migomboro, miti ya kienyeji inayotunza maji, pale visiki vilipokuwa. Nilipoandika zamu upya, nilimrudisha baba mdogo kama sheria inavyotaka. Nikamweka nyuma ya mama.

Mama huchukua muda mrefu kushuka kile kilima. Kuna vijana wa kumtekea, lakini anakataa. Anasema mguu unahitaji mazoezi. Baba mdogo husimama na mtungi wake akingoja, haruhusiwi kumpita. Mama humsalimia kwa upole kabisa. Mimi simsalimii.