Jumapili ya Tuzo ya Kocha

Kaka yangu alipoandika kwenye kikundi cha simu cha ushirika wetu wa kanisa kwamba kocha wa binti yake ni mmoja wa wanaowania tuzo ya kocha bora wa mwaka duniani, katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu, aliomba kitu kimoja tu: tumwombee. Kufikia jioni kocha alikuwa ametoweka katika habari hiyo. Mama mmoja aliandika kwamba Mungu amemwinua mtoto wetu. Mwingine akauliza keki iwe ya rangi gani. Nikaandika, kwa sentensi fupi ili nisieleweke vibaya, kwamba aliyetajwa ni mwalimu, si mwanafunzi. Majibu yalikuja upesi, moja chini ya lingine: Amina. Amina. Amina na amina.

Ushirika wetu ndivyo ulivyo. Habari yoyote ikiingia inakuwa ombi, na ombi halikawii kugeuka shukrani. Mtu akisema ameitwa kwenye usaili wa kazi, Jumapili inayofuata anapikiwa pilau ya pongezi, naye anaila akijua bado hajajibiwa.

Wakati huo niliishi kwa kaka yangu, katika nyumba ya kupanga upande wa magharibi wa mji wa Kimarekani wa Alexandria. Kitanda changu kilikuwa kochi la sebuleni. Nilifanya zamu ya usiku katika kibanda cha maegesho ya hoteli, na kwa kuwa nilitoka kazini wakati wengine bado wamelala, ni mimi niliyempeleka mtoto kwenye uwanja wa barafu kabla ya shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mchezo wenyewe ulianza kwa bahati. Rafiki yake wa shule alimwalika kwenye sherehe ya kuzaliwa, akavaa viatu vya kuazima, akateleza bila kuanguka. Kaka yangu, aliyekwenda kumchukua, alisimama nyuma ya kioo akalia. Baada ya hapo alitafuta kazi ya pili, kulinda majengo yanayohifadhi kompyuta za makampuni katika mji wa Sterling, ili kulipia masomo ya barafu. Kila Jumamosi aliwatumia watu wa nyumbani, Nyandarua, video ya binti yake akizunguka. Kwetu tunaijua barafu kwa jinsi inavyounguza majani ya viazi shambani usiku wa baridi. Sasa wazazi wetu walikuwa na barafu ya kuwaonyesha majirani.

Wiki moja kabla ya siku ya tuzo, mtoto aliniambia kwenye gari kwamba hataki tena. Alisema kwa Kiingereza, kama anavyosema kila kitu, uso ukiwa dirishani. Hakuwa amegombana na kocha. Hakuwa ameumia. Alitaka kuamka wakati watoto wengine wanaamka, basi.

"Mwambie baba," alisema.

"Kwa nini usimwambie mwenyewe?"

"Wewe ukimwambia atakasirika. Mimi nikimwambia ataumia. Kukasirika kunaisha, shangazi."

Nilimwahidi kwamba tuzo zikishapita nitasema na baba yake. Nilidhani tungetazama sisi watatu, kwa kuwa mama yake, ambaye ni muuguzi, alikuwa zamu Jumapili hiyo. Kisha kikundi kikaamua kuja kutazama pamoja nasi.

Sherehe ya tuzo ilifanyika Ulaya jioni, huku tunakoishi ikawa mchana, ibada ikiwa ndiyo kwanza imekwisha. Watu walikuja moja kwa moja kutoka kanisani, wakiwa na sufuria zilizofungwa kwa taulo na viti vya plastiki walivyoviazima huko. Kochi langu lilijaa mara moja. Viti vilipangwa kwa safu mpaka mlangoni, kiasi kwamba mtu akitaka kutoka lazima safu nzima isimame. Madirisha yakaanza kutoka jasho. Mtoto aliketishwa katikati, kwenye kiti cha kulia chakula, wakamtupia kitenge kipya mabegani. Keki ilikuwa na jina lake na msichana wa sukari aliyesimama kwa mguu mmoja.

"Iko wapi mutoto?" aliuliza mama mmoja wa Kongo aliyechelewa. "Nimuone miguu yake, miye!"

Mtoto alivuta miguu chini ya kiti. Watu wakacheka kwa upendo. Hapakuwa na mtu mbaya mle ndani, na nadhani hilo ndilo lililofanya hewa iwe nzito zaidi.

Kwenye televisheni walianza na tuzo ya vazi bora. Mzee wa kanisa, aliyekaa karibu zaidi na televisheni, alitazama kwa makini.

"Hiyo nguo inashindania tuzo?"

"Ndiyo, mzee," alijibu mama aliyekaa nyuma yake.

"Ila mgongo haina."

"Mzee, wewe tazama miguu."

"Mama, nikitazama miguu ndiyo nitaharibikiwa kabisa."

Hata kaka yangu alicheka. Alikuwa amevaa suti yake ya harusi. Baada ya vazi ikaja tuzo ya chipukizi bora, wakapita vijana wa nchi ambazo hatukuweza kutamka majina yao, na kila uso mpya ulipoonekana mtu aliuliza kama sasa ni zamu ya mtoto wetu. Nilieleza tena. Kocha alipotokea kwenye skrini, akiwa na koti lake jeusi ninalolijua kutoka uwanjani, watu walisogeza vichwa mbele.

"Kumbe ni huyu mama?" aliuliza mzee.

"Ni huyu," nilisema. "Anamfundisha mtoto, na anafundisha bingwa mmoja mkubwa. Ametajwa kwa ajili ya yule bingwa."

Mzee alifikiri. "Basi mwalimu akipata, mwanafunzi naye amepata."

Vigelegele vilipigwa juu ya sentensi hiyo.

Tuzo ilikwenda kwa kocha mwingine. Kocha wetu alipiga makofi kwa adabu, kamera ikamwacha. Kaka yangu alisimama kabla watu hawajasikitika.

"Kuna mwaka unakuja," alisema, "binti yangu atasimama pale yeye mwenyewe."

"Amina!"

"Tumkabidhi kwa Mungu," alisema mzee. "Lakini kwanza mwenye siku aseme neno."

Kwetu hakuna mkutano unaokwisha bila kila anayehusika kusimama na kusema neno. Watoto husema Bwana asifiwe, wakaketi. Hakuna anayetarajia zaidi, maana wengi wao Kiswahili wanakisikia tu.

Mtoto alisimama. Kitenge kiliteleza bega moja, hakukishika.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina!"

"Mimi nimechoka."

"Amina."

"Sitaki kuteleza tena."

"Amina!" waliitikia, na sauti ya nyuma ikaongeza, "Mungu akutie nguvu, mama!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema Kiswahili mbele ya watu, na kila neno lilikuwa sawa. Mzee alikuwa tayari ameinua mikono. "Bwana, umesikia uchovu wa mtoto wako, mwongezee mbio..." Waliokuwa karibu waliweka mikono kichwani mwake, wa mbali wakashika mabega ya waliokuwa karibu. Nilimwona kati ya viwiko vyao. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mzee, samahani," nilisema. "Hajaomba nguvu. Anasema anaacha."

Mikono ilibaki palepale, kama watu waliopigwa picha. Kaka yangu alinigeukia.

"Dada, tutaongea nyumbani."

"Si tuko nyumbani?" aliuliza mama wa Kongo.

Hakuna aliyecheka. Kaka yangu alitazama mlango, akaona safu za viti, akaingia jikoni. Mtoto alijipenyeza chini ya mikono akamfuata. Jiko letu halina mlango. Tulimsikia kaka akifungua bomba, maji yakamwagika kwa nguvu kwenye sinki ya bati, na nyuma ya maji hayo sauti yake, kisha ya mtoto, kisha yake tena. Hatukushika neno. Wageni walikunja mikono mapajani. Hakuna aliyeweza kuondoka kabla ya maombi ya kufunga, na hakuna aliyethubutu kuyaanza.

"Na keki?" mtu alinong'ona.

"Acha keki."

Bomba lilifungwa. Kaka yangu alitoka mikono ya koti ikiwa imelowa hadi kwenye viwiko. Hakuwatazama wageni.

"Jumatatu usimwamshe," aliniambia.

"Jumatatu hii tu?"

"Dada, nimesema Jumatatu."

"Amina," alisema mzee, kisha akaonekana kutamani angeimeza.

Mtoto alikuja akasimama mbele yangu, akanyoosha kiganja. Nilimpa simu. Alifungua kengele zangu za kumwamshia, zilizopangwa siku baada ya siku, akaifuta ya Jumatatu. Kidole chake kilisimama juu ya ile ya Jumanne. Kilikaa hapo, baba yake akikitazama, na mimi, na wote waliokuwa mstari wa mbele. Kisha akanirudishia simu, kengele ya Jumanne ikiwa bado ipo.