Mdoli Aliyeshindwa Kuniitikia

Nilianza chuo cha uuguzi pale Singida mjini nikiwa na miaka arobaini na sita, na sapu yangu ya kwanza, yaani mtihani wa marudio, niliipata kwa kukataa kusalimia plastiki.

Plastiki yenyewe ni mdoli wa ukubwa wa mtu, amelazwa kitandani na kufunikwa shuka, na chini ya mto wake kuna spika. Mwalimu hukaa chumba cha pili, nyuma ya kioo, anashika kipaza sauti na kuwa mgonjwa. Unauliza, mdoli anajibu, msimamizi anaweka tiki kwenye karatasi. Tiki ya kwanza ni ya salamu. Mimi nilivamia mapigo ya moyo moja kwa moja, nikafeli. Niache shamba la alizeti Iguguno nije mjini kuamkia mdoli?

Safari hii nikifeli tena, nadisko. Nakusanya begi langu narudi nyumbani, na mashemeji waliosema nimezeeka kwa shule wanapata la kusema mpaka mavuno. Darasani nako sikuwa na sifa. Maswali tulijibu kwa kubofya simu, majina yanatokea ukutani, na langu lilikuwa la mwisho kila wiki. Mwalimu wetu, kijana wa Ulemo ambaye mwanangu wa kwanza anamzidi umri, alikuwa hanitazami usoni. Nikajua ananionea aibu.

Siku ya sapu nilikaa kwenye foleni nikisikia wenzangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu," mwalimu anaitikia kwa sauti ya kikongwe, safi kabisa.

Karatasi ya mlangoni ilisema: bibi wa miaka sabini, anaumwa tumbo. Nikaingia, nikapiga na goti.

"Shikamoo mama."

Kimya.

"Shikamoo mama!"

Kimya. Mgonjwa haitikii! Nikamtikisa mabega, nikaita, wapi. Nikatazama kifua, hakipandi. Hakijawahi kupanda tangu kinunuliwe, ila kwa hofu nilisahau. Nikapiga kelele kuomba msaada, nikapanda kitandani, nikaanza kukandamiza kifua, nahesabu kwa Kinyiramba maana Kiswahili kilishanikimbia.

Nilipofika ishirini na kitu, spika ikakoroma. Mwalimu akasema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo kabisa, "Shikamoo mama. Nisamehe, hiyo marahaba imenishinda. Wewe ni mama yangu."

"Marahaba," nikajibu huku nahema, mikono bado kifuani kwa mdoli.

Msimamizi alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtetemeka. Alipogeuka akasema, "Mgonjwa amezinduka. Endelea na tumbo."

Nikaendelea. Mgonjwa wa miaka sabini akanijibu "ndiyo mama" na "hapana mama" mpaka mwisho, na nikafaulu.

Koridoni mwalimu alinieleza, macho chini, kwamba kwao mama hakaziwi macho. Mwaka mzima nilidhani kijana yule ananidharau. Nililia pale pale, wala sikuona haya.

Siku hizi, wa mwaka wa kwanza wakifanya mtihani, kipaza sauti nashika mimi. Asubuhi mwalimu hupita kujaribu mitambo. Husimama mbele ya mdoli, hutoa shikamoo yake, nami humwitikia kwa sauti kubwa kuliko mitambo inavyohitaji.